Kutwika na Kutua: Njia ya Misafara ya Tabora na Maneno ya Modemu

Kusudi la makala haya ni kueleza kazi ya chombo kimoja cha mawasiliano, yaani modemu ya viwandani itumiwayo katika njia ya simu iliyotengwa, na kuchungua maneno ya Kiswahili yanayoweza kuieleza kazi hiyo bila kumpotosha fundi. Mambo hayo mawili hayatenganiki. Chombo kisicho na maneno yake hufundishwa kwa kuonyeshana vidole. Na fundi aliyefundishwa hivyo hujua ni taa ipi iwake, walakini hajui kwa nini inawaka, wala hawezi kumweleza mwenziwe aliye mbali ni jambo gani lililoharibika. Hoja inayotetewa hapa ni kwamba sehemu kubwa ya maneno yanayotafutwa imekwisha kuwamo katika lugha tangu zamani za misafara, na kwamba kinachokosekana ni kuyachagua na kulipa kila neno kazi yake moja.

I. Mwendo wa habari katika njia ya Tabora

Mji wa Tabora ulikua katika nchi ya Unyanyembe kwa sababu ya njia. Hapo ndipo misafara iliyotoka Bagamoyo ilipogawanyika, mingine ikaelekea magharibi hadi Ujiji katika Ziwa Tanganyika, mingine kaskazini kuelekea Karagwe na Buganda. Bidhaa zilikwenda juu ya mabega na vichwa vya watu, na waliosifika zaidi katika kazi hiyo walikuwa Wanyamwezi. Mzigo wa mpagazi mmoja ulikadiriwa kuwa frasila mbili, yaani kilo 32 hivi. Burton na Speke walitoka pwani mwezi wa Juni 1857, wakafika Kazeh, karibu na Tabora ya leo, mwezi wa Novemba; miezi minne na zaidi. Stanley, aliyekwenda kwa haraka mwaka 1871, alitumia kama miezi mitatu.

Habari nazo zilikuwa mzigo kama mizigo mingine. Hazikuweza kwenda upesi kuliko miguu ya mtu aliyezichukua, na mtu huyo akisimama, nazo zilisimama. Mfano mmoja unajulikana sana. Stanley alipofika Unyanyembe alikuta huko furushi la barua za Livingstone lililoandikwa juu yake tarehe 1 Novemba 1870, nalo lilikuwa halijapelekwa mbele. Lilimfikia mwenyewe Ujiji mwishoni mwa mwaka 1871, likiwa limekaa njiani kiasi cha mwaka mzima. Barua hizo hazikupotea wala hazikuibwa. Njia ilikuwapo, na mahali pa kwenda palijulikana. Kilichokosekana ni mchukuzi wa kuzitoa kituo kimoja na kuzifikisha cha pili.

Mwaka 1879 waya wa simu uliolazwa chini ya bahari kutoka Aden ulifika Unguja. Tangu hapo habari ziliweza kutoka Unguja na kufika London kwa muda mfupi sana, hali zilipokwenda Tabora ziliendelea kuchukua majuma mengi. Kasoro hiyo iliondolewa kidogo kidogo katika siku za Wadachi, nguzo za simu zilipoifuata njia ya misafara kwenda bara. Kisha ikaja reli ya kati, iliyofika Tabora mwaka 1912 na Kigoma mwaka 1914. Tawi la kwenda Mwanza likamalizika mwaka 1928. Kutoka Dar es Salaam hadi Tabora kwa reli ni kilomita 840 hivi.

Reli ilikuja na nyaya zake yenyewe. Bwana stesheni alikuwa hana budi kujua kama garimoshi limekwisha kutoka katika stesheni jirani kabla hajaliruhusu jingine kuingia njiani. Na habari kama hiyo haiwezi kungojea zamu nyuma ya mazungumzo ya watu wa mjini. Kwa hiyo waya wa reli haukupita katika mabadilishano ya simu ya posta. Ulitoka stesheni hadi stesheni, ukafanya kazi moja tu, usiku na mchana. Huo ni mfano ulio wazi wa njia ya simu iliyotengwa.

II. Neno “simu” na mizigo yake

Wanaisimu wengi hulihusisha neno simu na neno la Kiajemi lenye maana ya waya. Likiisha kuingia katika Kiswahili, halikubaki na maana ya waya peke yake. Lilitaja waya, likataja habari iliyopita katika waya, kisha likataja chombo kilichoipeleka na kuipokea. Mtu aliweza “kupeleka simu” akiwa na maana ya habari fupi ya maandishi, “kupiga simu” akiwa na maana ya kukitumia chombo, na kusema “simu imekatika” akiwa na maana ya waya ulioanguka kwenye nguzo. Habari iliyokwenda bila ya waya iliitwa simu ya upepo, jina ambalo kwa asili yake ni kama kusema “waya wa upepo”. Leo watu wengi wakitaja simu huwa na maana ya chombo cha mkononi kisichofungwa na waya wo wote. Neno la waya limekuwa jina la kitu kisicho na waya.

Hakuna ubaya katika mabadiliko hayo. Maneno yote ya lugha huishi hivyo, na msikilizaji hupambanua maana kwa mazingira ya mazungumzo. Majina ya mashirika yalilitumia neno hilo bila taabu: lile la Afrika ya Mashariki lilipovunjika mwaka 1977, Tanzania iliunda Shirika lake la Posta na Simu, na shirika hilo likagawanywa mwaka 1994 ili posta na simu zisimame mbalimbali. Walakini katika kazi ya ufundi mazingira ya mazungumzo hayatoshi. Fundi anahitaji neno moja kwa waya, la pili kwa kitu kinachopita katika waya, na la tatu kwa chombo kilichomo mwishoni mwa waya. Neno simu limekwisha kuelemewa na yote matatu.

III. Kazi ya modemu

Mtambo wa kisasa huzungumza kwa biti, yaani kwa alama mbili tu, sifuri na moja. Ndani ya mtambo alama hizo ni tofauti za volti: kiasi hiki cha umeme maana yake ni moja, kiasi kile maana yake ni sifuri. Kwa mwendo wa mita chache waya wa kawaida hutosha kuzipeleka. Njia ya simu, kwa upande wake, ilitengenezwa kwa ajili ya sauti ya binadamu. Hupitisha vizuri mitetemo ya kati ya 300 na 3400 kwa sekunde, na ile iliyo chini au juu ya mipaka hiyo hufifia au hukatwa. Volti isiyotikisika haipiti katika transfoma zilizowekwa njiani, na badiliko la ghafula la volti likienda mbali hutanuka na kudhoofika hata alama moja ikaingiliana na inayoifuata. Kwa sababu hiyo biti haziwezi kusafiri zenyewe. Sharti zichukuliwe na kitu kinachokubaliwa na njia, na kitu hicho ni mlio.

Modemu ndiyo inayofanya kazi hiyo. Kwa kanuni ya kimataifa iitwayo V.23, biti ya moja hupelekwa kwa mlio wa mitetemo 1300 kwa sekunde, na biti ya sifuri kwa mlio wa mitetemo 2100. Modemu ya upande mmoja huubadili mlio wake kwa kufuata biti, hata kufikia biti 1200 kwa sekunde. Modemu ya upande wa pili huusikiliza mlio, huupambanua wa chini na wa juu, na kuzirudisha biti katika hali ya volti. Aghalabu kila herufi hutumia biti kumi, pamoja na biti za kuonyesha mwanzo na mwisho wake. Kwa hesabu hiyo njia hupitisha herufi 120 kwa sekunde, na barua ya herufi 2400 humalizika kwa sekunde 20. Mwendo huo ni mdogo sana ukilinganishwa na wa vyombo vya leo, lakini hali ya pampu au ya swichi kubwa ya umeme huelezwa kwa herufi chache tu, na mwendo huo huitosha.

Kazi ya kuunganisha mitambo kwa njia zilizotengwa ilishika nguvu huko Marekani katika miaka ya 1950, vituo vya rada vya mfumo wa ulinzi wa anga ulioitwa SAGE vilipounganishwa na kompyuta kwa nyaya za simu. Baadaye reli, mashirika ya umeme, mabomba ya mafuta na idara za maji katika nchi nyingi zikafuata. Sababu yao ilikuwa ile ile ya bwana stesheni: habari ya mtambo haingoji zamu. Katika njia ya kawaida ya simu, modemu hupiga namba, hungoja kuitikiwa, kisha huanza kazi. Na mabadilishano yakijaa, haipati njia. Katika njia iliyotengwa hapana namba ya kupiga wala mlio wa kungojea. Njia huwa wazi daima, kati ya watu wawili wale wale.

Modemu ya viwandani hutofautiana na ya ofisini kwa mambo manne. Kwanza, hufungwa katika kabati la chuma pamoja na vyombo vingine vya mtambo, na mara nyingi hutumia umeme wa volti 24 unaotoka katika betri za kituo. Pili, hustahimili joto, baridi na vumbi. Tatu, hukingwa na radi, kwa kuwa waya mrefu uliotundikwa katika nguzo huokota umeme wa mawingu na kuuleta hadi mlangoni pa chombo. Katika nchi yenye mvua za ngurumo kama Unyamwezi, kinga hiyo na waya mzuri wa kushusha umeme ardhini ni mambo ya lazima. Nne, umeme ukikatika na kurudi, modemu hujianzisha na kumtafuta mwenziwe pasipo mtu kuigusa.

Yafaa pia ieleweke kwamba modemu mbili za njia moja aghalabu hupewa vyeo tofauti. Moja hupangwa kuwa mwitaji na ya pili mwitikiaji, ingawa hakuna namba inayopigwa, ili kila moja ijue ni milio ipi ya kupeleka na ipi ya kusikiliza. Zote mbili zikipangwa kuwa waitaji, hazisikilizani hata siku moja. Na vituo vingi vikifungwa katika waya mmoja, kila kituo hupewa namba yake. Kituo kikuu huita kwa zamu, na aliyetajwa peke yake huitikia. Wengine hunyamaza, na milio yao huondolewa njiani ili wasimzibe anayesema.

IV. Kutwika na kutua

Jina modemu limeundwa kwa kuunga mianzo ya maneno mawili ya kigeni, la kwanza likitaja kazi ya upande wa kupeleka na la pili kazi ya upande wa kupokea. Katika Kiswahili limekubali irabu ya mwisho na kuingia katika ngeli ya modemu hii, modemu hizi, na hapana haja ya kuling'oa. Taabu iko katika kazi zenyewe mbili. Kazi ya kwanza mara nyingi hutafsiriwa kwa kitenzi kurekebisha. Lakini fundi akisikia “rekebisha” huelewa kwamba kuna kitu kilichoharibika. Wengine husema kugeuza. Neno hilo ni afadhali, ila halina upande: biti zikifanywa mlio ni kugeuza, na mlio ukifanywa biti ni kugeuza vile vile. Kazi mbili zinazopingana hupewa jina moja, na mwanafunzi hana njia ya kujua ni ipi inayotajwa.

Kazi ya wapagazi ilikuwa na vitenzi viwili vinavyopingana kwa maana: kutwika, yaani kumwekea mtu mzigo kichwani au begani, na kutua, yaani kuushusha. Asubuhi watu walitwikwa mizigo, kambini wakaitua. Tendo la kwanza linahitaji mchukuzi aliyekwisha kusimama tayari, na la pili linamwacha mchukuzi akiwa mtupu na mzigo ukiwa mahali pake. Hivyo ndivyo modemu ifanyavyo. Upande wa kupeleka biti hutwikwa mlio; upande wa kupokea biti hutuliwa, na mlio, kazi yake ikiwa imekwisha, hauhitajiki tena. Minyumbuliko yake ni ya kawaida: twika, twikwa, twikia, utwikaji, tua, tuliwa, utuaji.

Yawezekana mtu akasema kwamba maneno hayo ni ya zamani na yamelala pamoja na misafara. Ushahidi wa lugha hauoni hivyo. Kitenzi tua kimekwisha kuzaa jina kituo, mahali pa kutulia mzigo, na jina hilo limehama kutoka kambi ya wapagazi hadi kituo cha reli, kituo cha polisi na kituo cha umeme bila ye yote kuona ugeni. Zaidi ya hayo, kitenzi chenyewe kingali hai katika maana yake ya kwanza. Msemo wa serikali ya Tanzania katika kazi ya kusambaza maji, “kumtua mama ndoo kichwani”, ulisikika pia Tabora, ambako maji ya Ziwa Victoria yaliletwa kwa mradi uliozinduliwa mwaka 2021. Mwenye kuuelewa msemo huo ameielewa nusu ya kazi ya modemu.

Kwa mlio unaochukua biti, jina linalofaa ni mpagazi. Jina hilo lina mnasaba na kitenzi pagaa, kuchukua begani, ambacho husikika pia katika pagawa, hali ya mtu aliyepandwa na pepo. Katika maandishi yafaa kusema “wimbi mpagazi”, na upatanisho ufuate wimbi: wimbi mpagazi lipo, halipo. Katika mazungumzo ya mafundi si ajabu jina likafupizwa na kupatanishwa kama mtu: mpagazi yupo, hayupo. Ufupisho wa namna hiyo haudhuru. Modemu nyingi zina taa inayowaka wakati mlio wa upande wa pili unaposikika, nayo huandikwa kwa herufi tatu za kigeni ambazo mafundi huzikariri tu. Ikiitwa taa ya mpagazi, jina lenyewe humweleza fundi kwamba mchukuzi wa upande wa pili amefika, ingawa bado haijulikani kama amebeba kitu.

Mfano huu una mpaka, na ni wajibu wa mwalimu kuutaja. Mzigo wa mtu ni kitu mbali naye. Ukiuondoa, yeye hubaki vile vile. Mzigo wa wimbi ni badiliko la wimbi lenyewe, la mitetemo yake, la nguvu zake au la wakati wake. Ni kana kwamba mpagazi hakubeba barua, ila alitembea kwa namna ambayo mwenye kumtazama aliisoma barua katika mwendo wake. Mwanafunzi akiisha kulijua hilo, maneno kutwika na kutua hayampotoshi tena, kama vile neno mkondo lisivyomfanya mtu adhani kwamba umeme ni maji.

V. Waya, njia na laini

Neno laini huwakuta wasikilizaji wa Tanzania likiwa na maana tatu. Liko laini la asili ya Kiarabu, lenye maana ya ororo. Liko laini la asili ya Kiingereza, lenye maana ya mstari au njia ya simu. Na tangu simu za mkononi zilipoenea, liko laini lenye maana ya kadi ndogo itiwayo ndani ya simu. Maana hii ya tatu ndiyo iliyoshika nguvu. Mwaka 2019, ulipoanza nchini kote usajili wa laini kwa alama za vidole, hakuna aliyedhani kwamba nyaya ndizo zinazosajiliwa. Kwa hiyo “laini ya kukodi”, ambayo ni tafsiri ya jina la kigeni neno kwa neno, humfikisha msikilizaji kwenye kadi iliyoazimwa.

Inafaa maneno yagawane kazi. Waya uwe kitu cha shaba kinachoonekana, kinachokatika na kuibwa. Njia iwe mapito kamili kutoka modemu hadi modemu, yawe ni ya waya mmoja, ya nyaya kadhaa zilizoungwa, au ya waya hapa na redio pale. Njia iliyotengwa iwe njia yo yote isiyofanya kazi nyingine, na njia ya kukodi iwe ile iliyotengwa kwa malipo katika nyaya za shirika la simu. Tofauti ya hayo mawili ya mwisho ina maana katika kazi: waya wa reli ulitengwa bila ya kukodiwa, kwa sababu mwenye reli ndiye mwenye waya, naye ndiye aliyepaswa kuutengeneza ulipokatika. Katika njia ya kukodi, kujua ni nani wa kuitwa ni sehemu ya ufundi.

VI. Majina ya hitilafu

Umuhimu wa kugawa maneno huonekana zaidi siku njia inapoharibika. Na tuseme kuna pampu Urambo na mwendeshaji wake yuko Tabora, kilomita 90 hivi upande wa mashariki. Habari za pampu zimeacha kufika. Mwendeshaji husema kwa simu, “Laini imekufa,” na gari hutumwa. Lakini msemo huo mmoja waweza kuwa na maana nne, na kila moja inahitaji fundi mwingine, vifaa vingine, na pengine mahali pengine.

Maana ya kwanza ni kwamba waya umekatika. Hapo hakuna mlio unaosikika upande wo wote, na upimaji wa waya huonyesha kwamba mzunguko hautimii. Anayetakiwa ni fundi wa nyaya, naye anatakiwa njiani, hana kazi Urambo wala Tabora. Maana ya pili ni kwamba waya ni mzima lakini mpagazi hayupo: modemu ya upande wa pili haina umeme, au imepangwa kuwa mwitaji mahali ilipotakiwa kuwa mwitikiaji. Maana ya tatu ni kwamba mpagazi yupo, taa yake inawaka, lakini mzigo hauji. Hapo njia na modemu zote mbili hazina kosa. Mtambo ulio nyuma ya modemu umenyamaza, au unaitwa kwa namba isiyo yake. Maana ya nne ni kwamba mzigo unakuja umeharibika. Sababu zake ni kama unyevu katika viungo vya waya, umeme wa njia kubwa iliyo karibu, au ngurumo za mvua. Nayo hutambuliwa kwa kuwa mitambo hupeleka pamoja na kila habari jumla fulani ya hesabu, na jumla hiyo ikikataa, habari nzima hutupwa na kuombwa tena. Misafara nayo ilihesabu mizigo wakati wa kuondoka na wakati wa kufika, kwa sababu hiyo hiyo.

Katika hali hizo nne, ni moja tu inayoeleza kwa haki kwamba njia imekufa. Mwendeshaji aliyefundishwa maneno manne tofauti huwa amekwisha kuuliza maswali manne kabla ya gari kuondoka. Asiyekuwa nayo hutuma gari kwanza. Na watu wa Urambo hungojea maji mpaka fundi wa kwanza arudi kusema kwamba kazi si yake.

VII. Maneno baada ya shaba

Hapana budi kukubali kwamba siku za waya wa shaba zinapungua. Mkongo wa Taifa, ambao ujenzi wake ulianza mwaka 2009, umepeleka nyuzi za kioo katika sehemu nyingi za nchi, na katika nchi nyingi za Ulaya mashirika ya simu yamefunga au yanafunga njia za kukodi za namna ya zamani. Modemu za viwandani zingali zikitengenezwa, zaidi kwa ajili ya wenye nyaya zao wenyewe. Reli mpya, iliyoanza kuchukua abiria kati ya Dar es Salaam na Dodoma mwaka 2024 na ambayo ujenzi wake umeelekezwa Tabora, Mwanza na Kigoma, imekusudiwa kuendeshwa kwa mawasiliano ya redio.

Walakini kutwika na kutua hakukomi pamoja na shaba. Katika redio biti hutwikwa mawimbi ya hewani. Katika nyuzi za kioo hutwikwa mwanga. Katika simu ya mkononi hutwikwa na kutuliwa kila dakika. Mwanafunzi aliyeyajua maneno haya kwa chombo rahisi cha milio miwili huwa ameshika ufunguo wa vyombo vyote vinavyofuata. Jina mkongo lenyewe ni ushahidi wa kutia moyo: lilitolewa mapema, kabla ya neno la kigeni kujenga nyumba, na watu wakalipokea bila ubishi.

Tangu Kamati ya Lugha ya mwaka 1930 hadi Taasisi ya mwaka 1964 na Baraza la Kiswahili la Taifa la mwaka 1967, kazi ya kusanifisha istilahi imekuwa mikononi mwa wenye kalamu. Wahenga walisema kwamba mzigo wa mwenzio ni kanda la usufi. Anayetunga neno mezani hauoni uzito wa kulitumia juu ya nguzo, mvua ikinyesha, kwa sauti inayokatika katika. Kwa hiyo kipimo cha maneno yaliyopendekezwa hapa kisiwe uzuri wake katika kamusi. Yapelekwe kwanza kwa mafundi wa reli, wa umeme na wa maji katika vituo vya Tabora na vya njia yote hiyo, wayatumie katika kazi kwa muda wa kutosha, na yale watakayoyaacha yaachwe. Neno likiwawezesha watu wawili walio mbalimbali kuelewana ni nani aende wapi na achukue vifaa gani, hilo limekwisha kusanifika.